Dar hadi Mtwara kwa baiskeli, peke yangu: naomba ushauri wa waliopita

MwalimuWaRamani

Wakuu habari za jioni.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Dar. Kila mwaka nachora mwambao ubaoni, mdomo wa Rufiji, Kilwa, Lindi, ghuba ya Mikindani, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza kama nimefika. Sijawahi kuvuka Rufiji. Likizo ya katikati ya mwaka huu nimeamua kwenda, na nataka kwenda kwa baiskeli, mwenyewe, kwa mwendo unaomwacha mtu aone anapopita.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ya gia, rimu za 700. Jumamosi huwa napanda nayo kutoka Gongo la Mboto, milima ya Pugu, hadi Kisarawe na kurudi, kwa hiyo miguu ipo. Mpango ni kuanzia Mbagala mwanzoni mwa Julai, kufuata Kilwa Road mpaka Mtwara, kama kilomita 560, kilomita 100 kwa siku, kulala gesti, kisha kurudi na basi.

Naomba kujua: mwanamke akiwa peke yake anapita salama? Wanyama wa Rufiji je? Vipuri na maji njiani vikoje? Na barabara iko karibu na bahari kiasi gani? Kwenye ramani inaonekana imeambaa na pwani mwanzo hadi mwisho.

Anayejua njia hii kwa magurudumu yake mwenyewe nitamshukuru sana.

Kijana_wa_Kibiti

Dada, mimi sijaenda kwa baiskeli lakini nimezaliwa huku. Wanyama usiwadharau. Miaka ya 2002 hadi 2004 simba waliua watu wengi hapa Rufiji, nilikuwa mdogo na tulikatazwa kutoka nje jua likizama. Siku hizi kumetulia, watu wanatembea na baiskeli mpaka mashambani, ila usiku hapana. Ikifika saa kumi na moja jioni uwe umeshajua unapolala. Na mtoni usishuke kunawa miguu, mamba wapo na viboko wapo. Maji chota kisimani kijijini.

TangaLaKusi

Mwalimu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Lindi mjini, Mikumbi, kwa sasa nafanya kazi Temeke. Njia hii nimeipita kwa baiskeli na naipenda, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Kabla ya yote, geuza safari. Panda basi na baiskeli yako hadi Mtwara, uanzie huko, urudi Dar kwa pedali. Julai kusi imekomaa, inavuma kutoka kusini na kusini mashariki kutwa. Ukitoka Mbagala kwenda Mtwara utaupokea upepo huo kifuani kila siku, na zile kilomita 100 zako zitakuwa 60 na magoti yanauma. Ukitoka Mtwara unaupata mgongoni. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia chumvi na boriti za mikoko za Rufiji, na mwezi kama huo hakuna nahodha aliyetweka tanga kushuka Mtwara kwa hiari yake. Kaskazi waliteremka nayo, kusi wakapanda nayo, Lamu, Mombasa, wengine mpaka Omani. Pwani hii imesafiriwa hivyo kwa karne nyingi, na baiskeli haina injini kama vile jahazi lilivyokuwa halina.

Ungekuwa unaondoka Desemba au Januari ningekwambia anzia Mbagala, maana kaskazi ingekusindikiza. Lakini Kusini hatuna vuli na masika kama Dar. Mvua yetu ni moja ndefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili na zaidi, kwa hiyo upepo mzuri wa kuteremka unakuja pamoja na matope. Julai kavu, kwenda juu, ndiyo safari yenyewe.

Hata ndani ya siku upepo una saa zake. Alfajiri kunatulia, saa nne unaamka, mchana ndiyo nguvu yake. Julai jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu. Ondoka mara tu unapoona barabara vizuri, endesha mpaka saa tano, pumzika kivulini, kisha umalizie saa tisa na kuendelea kwa msaada wa kusi.

Sasa hilo la bahari. Ramani yako ya ubaoni haina kosa, ila barabara kuu haioni bahari. Ukiifuata moja kwa moja utapita mikorosho, minazi, mashamba ya ufuta na pori, na bahari utaiona vipande vichache: Mikindani, kuingia na kutoka Lindi, Mchinga, Somanga. Sehemu kubwa iko mbali kidogo upande wako wa kulia, nyuma ya mikoko. Anayepanga safari ya mwambao kwa kilomita za barabara kuu amepanga safari ya lami. Panga kwa michepuko. Hesabu kilomita 560, halafu ongeza mia moja na zaidi za kuchepuka, na upunguze mwendo wa siku uwe 70. Kama likizo haitoshi, afadhali ukomee Kilwa upande basi kuliko kufika Mbagala hujakanyaga mchanga.

Nikueleze ninavyoipita mimi.

Mtwara mjini hadi Mikindani ni karibu, kama kilomita 10. Usipite hapo kwa kasi. Ingia vichochoroni, majumba ya mawe na milango ya kuchonga ipo, na ghuba yenyewe ni ile unayoichora ubaoni. Ukiwa Mtwara na una siku ya ziada, kuna Msimbati upande wa kusini, ufukwe wa ajabu, lakini kule ni karibu na mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Ripoti kwanza ofisi ya serikali ya kijiji na kitambulisho mkononi. Hawatakukatalia, wanataka tu kujua nani yuko wapi.

Kutoka Mikindani mpaka njiapanda ya Mingoyo, tunayoiita Mnazi Mmoja, ndiko ninakokuhofia kuliko Rufiji. Malori ya makaa ya mawe yanatoka mkoa wa Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na ya saruji yanatoka Mtwara kwenda Dar. Barabara ni nyembamba, bega la lami hakuna au ni unyayo tu. Funga kioo kidogo kwenye usukani, vaa kizibao cha kung'aa, na sheria moja usiivunje: ukiona gari kubwa mbele na gari kubwa kwenye kioo, na yatakutana ulipo wewe, shuka kwenye udongo kabla hayajafika. Usingoje honi. Mimi basi lilinisukuma mpaka majanini karibu na Somanga, dereva hakuangalia nyuma. Nilisalimika kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kushuka.

Na Julai kuna salfa. Wakulima wanapulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, na wanapulizia alfajiri wakati majani yana umande na upepo haujaamka, saa zilezile ulizo barabarani. Utaona wingu la njano limekaa juu ya shamba. Macho yanawasha, koo linakauka. Chukua miwani na kitambaa cha kufunga pua.

Lindi lala mara mbili. Siku ya katikati nenda ufukweni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, uangalie wanawake wanavyorudi na pweza. Supu ya pweza ya Lindi na mihogo ya nazi utakumbuka mwenyewe.

Kutoka Lindi hadi Mchinga barabara inakaa karibu na maji, kuna mashamba ya chumvi, na mimi naona ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Baada ya hapo inaingia ndani, vilima vinaanza, unashuka bonde la Mbwemkuru na kupanda tena. Lindi hadi Nangurukuru ni zaidi ya kilomita 150 na katikati hakuna mji wa maana. Hapa ndipo watu wanapokwama kwa kutegemea gesti. Usilale porini. Fika Kiranjeranje, au kijiji chochote kilicho mbele yako, jua likiwa bado juu, uliza nyumbani kwa mwenyekiti au kwa mtendaji wa kijiji. Jitambulishe, sema wewe ni mwalimu unatoka wapi unaenda wapi. Nimelala sebuleni kwa mwenyekiti, kwenye darasa la shule ya msingi, mara moja kwenye ghala la korosho, na hakuna aliyenidai. Wewe ukitaja ualimu, nakuhakikishia mwalimu mkuu wa kijiji atakuja kukutafuta mwenyewe.

Maji: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukipata maji matamu jaza kila ulichonacho. Kati ya Mchinga na Nangurukuru usibebe chini ya lita nne.

Nangurukuru kata kulia. Hapo ndipo roho ya safari ilipo. Kivinje kwanza, kisha Masoko, kama kilomita 30 kutoka njiapanda. Baiskeli iache Masoko, chukua kibali palepale kabla ya kuvuka, panda dau mpaka Kilwa Kisiwani. Kuna Msikiti Mkuu wenye kuba, na Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, juu ya jabali. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale 1331, na tangu 1981 magofu hayo na ya Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia. Nilikaa kwenye ngazi za Husuni nikamkumbuka baba, aliyekuwa akipita mbele yake kila msimu na hakuwahi kuteremka.

Somanga utakula samaki wa kukaanga pamoja na abiria wa mabasi. Ni hapo bomba la gesi ya Songo Songo linapoingia nchi kavu tangu 2004. Ndipo pia mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Mei 2024, magari yakakwama pande zote mbili na Kusini yote ikakatika na Dar. Tangu wakati huo kumekuwa na kazi za madaraja, kwa hiyo tegemea vumbi na njia za pembeni.

Kisha Daraja la Mkapa, mita 970 juu ya Rufiji. Simama katikati, upande wa kulia maji yanaelekea kwenye mikoko mikubwa ya delta. Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga ni miji, gesti hazikosekani, na machungwa yatakuwa yamejaa kando ya barabara.

Mwisho, usiingie Dar kupitia Mbagala. Ukifika Kongowe kata kulia, barabara ya Mjimwema, mpaka Kigamboni. Unavuka na pantoni unashukia Kivukoni. Safari ya bahari ikaishie baharini.

Fundi_Gololi

Mwalimu, TangaLaKusi amemaliza ya njia, mimi niseme ya baiskeli. Nina kibanda cha ufundi Tandika.

Hizo rimu zako za 700 ni tatizo huko unakokwenda, na watu wengi hawalijui mpaka wamekwama. Vijijini utakuta matairi ya 28 yamening'inia kila duka, utafikiri ni saizi yako. Siyo. 28 ya zile baiskeli za Phoenix inakaa kwenye rimu ya milimita 635, ya 700 inakaa kwenye 622. Itaingia kwa ulegevu na haitashika. Tairi la 26 la baiskeli za milimani lipo kila soko, la 700 huenda usilione mpaka urudi Dar. Kwa hiyo ama utafute baiskeli ya 26, ama ubebe tairi moja zima la akiba limekunjwa na tyubu tatu.

Angalia na valvu. Kama ni ile nyembamba ya baiskeli za mashindano, pampu za vijijini hazitaishika. Nunua kile kikofia cha shaba cha kubadilishia, ni kidogo na bei yake si kitu, ukifunge na uzi kwenye tandiko.

Vingine: viraka na solusheni mpya (ya zamani hukauka ndani ya tyubu yake), spoki sita za urefu wa rimu yako, maana za nyuma ndizo zinazokatika ukiwa na mzigo, raba za breki jozi moja, kiungo cha cheni na kifaa cha kukatia cheni. Mzigo wote uweke kwenye keria, mgongoni usibebe kitu.

Halafu chumvi. Ukitoka ufukweni, au hata ukilala mji wa pwani upepo ukivuma, asubuhi futa cheni kwa kitambaa, weka matone ya oili ya cherehani, futa tena. Usitumie mafuta ya kupikia, yanashika mchanga na kuila cheni. Na usipite kwenye maji ya bahari hata kama ni kidogo. Yakiingia kwenye ekseli, gololi zinaota kutu haraka na utaniletea gurudumu linalolia.

Pita kibandani wiki moja kabla tufungue ekseli zote, tuweke grisi mpya.

Bi_Mkubwa_Kivinje

Mwanangu, nimesoma na nimefurahi. Wanangu wananisaidia kuandika, maneno ni yangu.

Umeuliza mwanamke peke yake. Huku wanawake wanapanda baiskeli, utawaona wanakwenda shamba na mtoni. Utakachoulizwa ni kwa nini uko peke yako na mumeo yuko wapi. Jibu utakavyoona, ila jibu kwa upole, maana wengi wanauliza kwa kukuonea huruma. Vaa suruali pana na juu yake kanzu fupi au gauni jepesi. Chukua kanga doti moja. Ukishuka kwenye baiskeli kijijini, jifunge kabla hujamsalimia mtu. Usiku ni shuka, bafuni ni taulo, mvua ikikukuta unafunika mzigo. Salimia kila mtu, wazee wape shikamoo, na ukitafuta msaada anza kisimani au kwa mama lishe. Wanawake wakishakujua, kijiji kizima kinakulinda.

Sisi tuliosafiri kabla ya daraja halijafunguliwa 2003 tulikuwa tunalala Ndundu kusubiri kivuko, mvua ikizidi siku zinapita, watoto wanalia, chakula kimeisha. Ukisimama pale juu ya daraja utuombee dua wengi waliopoteza wagonjwa wao ng'ambo ile.

Na ukija Kivinje usipite mbio kwenda Masoko kwenye magofu kama wageni wote. Huku kuna Mwembe Kinyonga. Wajerumani walimnyonga hapa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na wenziwe, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Wewe unafundisha watoto, njoo uone mahali. Ukifika soko la samaki uliza nyumba ya bibi anayepika mkate wa kumimina, utaletwa. Utalala kwangu.

MwalimuWaRamani

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimemsomea mama yangu, aliyekuwa hataki niende. Sasa anataka namba ya basi. Nitakuja Kivinje, na Mwembe Kinyonga nitaupiga picha kwa ajili ya darasa kama inaruhusiwa.

TangaLaKusi, umenishawishi. Naanzia Mtwara. Nilifundisha kusi na kaskazi wiki iliyopita, wanafunzi wakachora mishale kwenye madaftari, na sikufikiri kwamba mshale ule unanihusu mimi na baiskeli yangu. Kilomita 70 kwa siku na michepuko, sawa.

Fundi, nakuja Jumamosi na baiskeli yenyewe. Kijana wa Kibiti, asante, usiku sitaendesha.

Nina mawili yamebaki. Basi linabeba baiskeli vipi bila kuiharibu? Na nikifika Kibiti nikiwa bado na siku, inawezekana kwenda Mafia?

TangaLaKusi

Mafia inawezekana. Ukiwa unapanda kutoka Ikwiriri utapita Kibiti kisha Bungu. Pale Bungu kata kulia kwenda Nyamisati, ndiko kivuko cha Mafia kinakoondokea. Barabara ya Nyamisati ulizia Bungu hali yake kabla ya kuingia, na kivuko ulizia siku na saa kabla hujaacha lami, kwa sababu kinafuata maji kujaa na kupwa. Baiskeli vuka nayo, kisiwa ni kidogo na kinafaa kweli kwa magurudumu mawili. Lakini kama siku ni chache, nakuomba usiikate Kilwa kwa ajili ya Mafia. Mafia unaweza kwenda mwaka mwingine wikiendi moja.

Basi: nenda jana yake ofisini kwao, usiende asubuhi ya safari. Wape taarifa kwamba una baiskeli, lipia mzigo hapohapo na udai risiti yenye neno baiskeli, maana kondakta wa asubuhi anaweza kuwa mwingine na akakudai upya. Usiku huo fungua pedali zote mbili (ya kushoto inafunguka kinyume, izungushe kufuata saa), legeza usukani uugeuze ulale sambamba na fremu, toa gurudumu la mbele ulifunge ubavuni kwa mpira wa kamba, na punguza upepo kidogo. Kule kwenye foki ya mbele palipobaki wazi bana kipande cha mti chenye upana wa ekseli, mzigo ukiiegemea isijikunje. Upande wa gia uangalie juu. Fika mapema, isimamie mwenyewe ikiingia buti, na iingie mwisho, juu ya magunia, si chini yake. Njiani wakishusha mizigo Nangurukuru na Lindi, shuka uangalie.

Spana ya pedali ni namba 15, mwambie Fundi akupe nyembamba, za kawaida haziingii.